Kampuni Ikiondoka, Kitabaki Nini?

Hii ni hotuba niliyoitoa Kijitonyama, Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wa uhandisi, wahadhiri na wenye biashara za TEHAMA. Wengi mliniandikia kwamba foleni ya Mwenge iliwameza mkashindwa kufika. Nimeiweka yote kama nilivyoisema. Slaidi nimeziacha, hazikuwa na kitu ambacho sikukitamka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wahadhiri wetu, ndugu zangu wenye kampuni, na nyinyi wadogo zangu mliobanana huko nyuma: itifaki imezingatiwa. Habari za jioni.

Nimepewa mada isemayo, nchi ndogo inavutiaje uwekezaji wa kampuni kubwa za teknolojia za kimataifa. Kijana aliyenipokea mlangoni akaisoma kwenye bango, akaniuliza, "Mzee, kwani sisi ni nchi ndogo?" Swali zuri. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu zaidi ya milioni 61. Ireland ina milioni tano na ushee. Costa Rica ni hivyo hivyo. Singapore ni kama milioni sita, na ardhi yake yote ungeitia ndani ya mkoa huu wa Dar es Salaam na nafasi ikabaki. Kwa watu na kwa ardhi, sisi ni wakubwa.

Lakini mkurugenzi aliyeko California, anayetafuta pa kujenga kiwanda au kituo chake, hahesabu vichwa. Anahesabu mambo mawili: nitauza kiasi gani pale, na nitatengeneza nini pale. Kwa hesabu hiyo, ndugu zangu, tuko kundi moja na wadogo. Na hilo si tusi. Wadogo wana mengi ya kutufundisha, kwa sababu hawakuwa na nafasi ya kukosea.

Leo nina jambo moja tu la kuwaambia. Kila kampuni tunayoiita hapa, siku moja itaondoka. Inaweza kuwa baada ya miaka kumi, inaweza kuwa baada ya thelathini, lakini itaondoka, au itahamisha nusu ya kazi zake, au itanunuliwa na mwenye mipango mingine. Kwa hiyo swali la kwanza si "tutawapa nini ili waje?" Swali la kwanza ni "siku wakiondoka, kitabaki nini?" Nchi ndogo zilizofanikiwa, ukizichunguza, zilijiuliza hili mapema. Zilizojuta zilijiuliza siku ya kufunga mageti.

Twendeni Costa Rica.

Mwaka 1948, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, José Figueres Ferrer alilivunja jeshi la nchi ile. Sisemi alilipunguza. Alilivunja, na taifa likaamua kuweka nguvu zake kwenye shule na afya. Karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 1996, rais wa nchi ni mwanawe, José María Figueres, naye kwa taaluma ni mhandisi. Wakati huo kampuni ya Intel inatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kuunganisha na kupima chipu za kompyuta. Kwenye orodha kuna Brazil, kuna Mexico, kuna Chile, kuna nchi za Asia. Costa Rica wakati ule ina watu kama milioni tatu na nusu, na dunia inaijua kwa kahawa na ndizi.

Nani kati yenu angeiwekea dau Costa Rica? Nyoosheni mikono. Naona watatu, na wawili kati yao nadhani mmeshaisoma hadithi hii.

Intel walikuja na maswali. Msamaha wa kodi ulikuwapo tayari katika maeneo huru ya nchi ile, yale yaliyotengwa kwa kampuni zinazouza nje, sitawadanganya kwamba haukuhusika. Lakini yaliyowanyima Intel usingizi yalikuwa mengine. Kiwanda hiki kitakula umeme mwingi kuliko chochote mlichowahi kukiunganisha. Mtautoa wapi, na kwa bei gani? Chipu hazisafiri kwa meli, zinasafiri kwa ndege. Ndege ngapi zinatua hapa kwa wiki? Tunahitaji mafundi sanifu kwa mamia; mnao wangapi leo, na mtakuwa nao wangapi mwakani?

Tazameni walivyojibu. Kituo cha kupoza umeme kikajengwa kwa ajili ya eneo lile. Bei ya umeme kwa watumiaji wakubwa ikapangwa upya. Vibali vya safari za ndege vikaongezwa. Taasisi ya Teknolojia ya Costa Rica, ile ya Cartago, ikakaa meza moja na wahandisi wa Intel, ikaanzisha mafunzo ya cheti ya mwaka mmoja ili mafundi wapatikane haraka. Na hapa nisikilizeni vizuri: walikataa kuandika sheria ya Intel peke yake. Walichokibadilisha, walikibadilisha kwa ajili ya yeyote atakayekuja na masharti yaleyale.

Intel wakatangaza uwekezaji wa dola milioni 300, kiwanda kikaanza kazi mwaka 1998, na haukupita muda chipu zikawa zinaingiza fedha nyingi kuliko ndizi na kahawa. Magazeti yakashangilia. Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa nimewaletea ngano tu.

Aprili 2014, Intel wakatangaza wanaifunga sehemu ya kuunganisha na kupima chipu na kuipeleka Asia. Ajira 1,500 zikaondoka. Nchi yenye watu milioni tano, ajira elfu moja na mia tano za kiwanda, kwa tangazo moja la asubuhi. Mnaweza kufikiria vichwa vya habari vya siku ile.

Je, nchi ilianguka? Hapana. Kituo cha uhandisi na utafiti cha Intel hakikufungwa, kilibaki, na baadaye kikakua. Viwanda vya vifaa vya hospitali, ambavyo vilikuwa vimeshaanza kuingia, vikaendelea kuongezeka mpaka leo ndivyo vinavyoongoza katika mauzo ya nje ya nchi ile. Viliingia kwa sheria ileile, vikatumia umeme uleule, vikaajiri watu kutoka vyuo vilevile. Halafu miaka ya 2020 na 2021 Intel wakarudi na kazi ya kuunganisha na kupima chipu! Na Julai 2025 wakatangaza tena kuihamishia Vietnam na Malaysia, huku wahandisi wakibaki. Wamekuja, wameondoka, wamerudi, wanaondoka.

Mnaona ninachokiona? Kilichokuwa kazi ya mikono na mashine kimehama mara mbili. Kilichokuwa kwenye vichwa vya watu hakijahama hata mara moja. Nasema tena: kilichokuwa kwenye vichwa vya watu hakijahama hata mara moja.

Ireland nayo. Wengi mnaijua kwa kodi yake ndogo. Kodi nitaifikia, mimi naanza na mwaka 1966. Waziri wa elimu, Donogh O'Malley, alisimama mbele ya waandishi wa habari akatangaza kwamba elimu ya sekondari itakuwa bure. Baraza la mawaziri halikuwa limepitisha jambo hilo, na Wizara ya Fedha ilighadhibika, kwa sababu hakuna aliyeiambia fedha zitatoka wapi. (Mheshimiwa mgeni rasmi, sipendekezi utaratibu huo.) Lakini mwaka uliofuata watoto waliingia madarasani, na watoto wale ndio waliokuja kujaza vyuo vya ufundi na uhandisi vilivyofunguliwa baadaye.

Kisha ikaja miaka ya themanini, miaka migumu. Uchumi wa Ireland ukayumba, wahandisi wakahitimu na kupanda ndege. Wakaenda Marekani, wakaenda Uingereza, wakaenda Ujerumani. Mnaijua hali hiyo? Baadhi yenu humu mna barua za vyuo vya nje mfukoni sasa hivi.

Mwaka 1989 hao Intel wanatafuta mahali Ulaya. Wanaitazama Ireland, wanasema: nchi nzuri, watu wazuri, lakini hamna wahandisi wenye uzoefu wa viwanda vya chipu. Ilikuwa kweli. Mamlaka ya uwekezaji ya Ireland, IDA, ingeweza kutuma barua ndefu ya kujisifu. Badala yake ikawatafuta Waireland waliokuwa wanafanya kazi hiyo nje, mmoja mmoja, mamia yao, ikawauliza: kazi kama yako ikipatikana nyumbani, utarudi? Wengi wakasema ndiyo. IDA ikawapelekea Intel majibu hayo. Kiwanda kikajengwa Leixlip, nje kidogo ya Dublin, na bado kipo.

Sasa niwaulize, na hili nawauliza hasa ndugu zangu wa serikalini. Watanzania walioko nje tunawakumbuka wakati gani? Tunapotaka fedha wanazotuma nyumbani, tunapotaka wanunue viwanja, tunapotaka hati fungani. Nani ana orodha ya ujuzi wao? Nani anajua ni wangapi wanasimamia vituo vya data, yaani majengo ya seva zinazohifadhi taarifa, wangapi wanaandika programu za mabenki, wangapi wanabuni saketi? Kazi hiyo haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji simu, muda, na mtu anayepima kazi yake kwa majibu aliyoyapata.

Na wahandisi peke yao hawatoshi. Nchi hii inapenda shahada. Mzazi akisikia mwanawe anakwenda kusomea stashahada ya ufundi anauliza, "Kwani ulifeli?" Intel kule Costa Rica hawakuuliza kwanza kuhusu maprofesa, waliuliza kuhusu mafundi sanifu. Anayesimama zamu ya usiku kwenye kituo cha data, anayejua kipozeo kinapogoma afanye nini kabla mitambo haijachemka, ni fundi sanifu. DIT, taasisi yetu ya teknolojia pale mjini, Mbeya, Arusha na vyuo vya VETA vingeweza kuwa na mafunzo ya mwaka mmoja ya kazi hiyo hata kabla kampuni yoyote haijatua. Mafundi wale wakikosa kampuni ya kigeni watafanya kazi kwenye mabenki yetu, kwenye bandari yetu, kwenye hospitali zetu. Hakuna hasara hapo.

Ireland ilikuja kupigwa pia, msidhani ilisalimika. Mwaka 2009 kampuni ya Dell ilitangaza kuhamisha utengenezaji wa kompyuta kutoka Limerick kwenda Łódź, Poland. Ajira 1,900. Mji mzima ukaingia baridi. Kilichoondoka kilikuwa kile kilekile, kazi ya kuunganisha ambayo mwingine anaweza kuifanya kwa mshahara mdogo zaidi.

Haya, kodi.

Kampuni ikiingia kwenye maeneo yetu maalum ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, inapewa msamaha wa kodi ya mapato wa miaka kumi. Nje ya hapo, kodi ya kampuni ni asilimia 30. Ireland imekuwa na asilimia 12.5 tangu 2003. Watu wanazitazama namba hizi wanasema, basi, siri imejulikana, tushushe na sisi.

Ngojeni kwanza. Ukitangaza chumba Sinza kwa bei ya kutupa huku maji hayatoki na mlango haufungi, mpangaji utampata. Lakini mpangaji wa aina gani? Yule ambaye mwezi ujao akisikia Manzese kuna cha bei ya chini zaidi, anabeba godoro. Nchi inayoshindana kwa kodi peke yake inajichagulia wapangaji hao. Na daima kutakuwa na nchi iliyo tayari kushuka chini yako.

Ireland yenyewe kodi hiyo iliifikisha mahali pa ajabu. Apple ilifika mji wa Cork mwaka 1980. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya ikasema Apple ilipewa nafuu isiyo halali, ikaiamuru Ireland ikusanye yuro bilioni 13. Serikali ya Ireland ikafanyaje? Ikaenda mahakamani kupinga. Kupinga kulipwa! Serikali inasimama mahakamani bega kwa bega na kampuni, inasema fedha hizi hatuzitaki. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikamaliza shauri: fedha ni zenu, chukueni. Mimi nikisoma habari hiyo nacheka, halafu naacha kucheka. Maana nchi ikishajijenga juu ya kodi ndogo, inafika siku inabeba kesi ya kampuni kana kwamba ni kesi yake.

Na kuna jambo jipya ambalo naona hapa nyumbani hatulizungumzi vya kutosha. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana juu ya kodi isiyopungua asilimia 15 kwa kampuni za kimataifa zenye mapato yanayofikia yuro milioni 750 kwa mwaka. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuitekeleza 2024. Ireland yenyewe sasa inawatoza wakubwa hao asilimia 15. Maana yake ni nini kwetu? Kampuni ya aina hiyo yenye makao Ulaya ikija hapa, sisi tukaisamehe kodi yote, nchi yake inaweza kuidai tofauti ile mpaka ifike asilimia 15. Kuna sehemu inayoachwa nje ya hesabu, inayotokana na mishahara na mitambo iliyopo kweli katika nchi husika. Faida inayozidi hapo inaguswa. Wamarekani wamepigania kampuni zao zitazamwe kivyake, kwa hiyo hesabu ya kila kampuni ni yake. Lakini tukitoa msamaha bila kupiga hesabu hiyo, tunaweza kujikuta tumesamehe hapa ili hazina ya Ulaya ikusanye kule. Mama lishe wa Kariakoo analipa ushuru wake wa soko, sisi tunachangia bajeti ya Ulaya!

Tena angalieni hiyo sehemu inayoachwa. Inatokana na watu walioajiriwa na mitambo iliyowekwa. Hata wataalamu wa kodi wa dunia wamefika palepale: kilicho halisi ndicho chenye uzito.

Sasa niseme juu ya simu. Nani anapokea simu?

Singapore mwaka 1968 ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Waingereza wametangaza wanaondoa majeshi yao, na maelfu ya watu waliokuwa wanaajiriwa kwenye kambi zile watakosa kazi. Kampuni ya Marekani, Texas Instruments, wakaja kutaka kuanzisha kiwanda cha kuunganisha vifaa vya elektroniki. Tangu siku waliyoamua hadi siku uzalishaji ulipoanza zilipita siku hamsini. Hamsini! Humu ndani kuna mtu aliyesubiri kuungwa umeme dukani kwake zaidi ya hapo. Naona mnacheka, mnamjua.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya kampuni ya Hewlett-Packard, hapo hapo Singapore. Walikuwa wamekodi ghorofa mbili za juu kwenye jengo la ghorofa sita ambalo umeme wake haukuwa tayari kuendesha lifti, na William Hewlett mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wake, anakuja kukagua. Watu wa bodi ya maendeleo ya uchumi, EDB, hawakuandika barua ya kuomba radhi. Walivuta waya mkubwa kutoka jengo la jirani, na siku ya ugeni lifti ikapanda. Mtu anaweza kusema huo ni usanii wa kumfurahisha mgeni. Mimi naona afisa aliyejua kwamba lifti ile ni kazi yake, ingawa hakuna waraka wowote uliomwandikia hivyo.

Sisi je? Miaka michache iliyopita nilikaa na ujumbe wa kampuni moja ya nje, msiniulize jina, uliotaka kufungua hapa Dar kituo cha kuhudumia wateja wake wa Afrika. Walilipenda jiji. Bahari waliipenda kuliko mfanyabiashara anavyopaswa kuipenda bahari. Siku ya mwisho, mama aliyeongoza ujumbe akauliza swali moja: "Marejesho yetu ya VAT yakichelewa, nampigia nani?" Meza nzima ikatazamana. Ofisi moja ikasema hilo ni la ofisi nyingine. Ile nyingine ikasema andikeni barua kwa utaratibu. Mama yule hakukasirika, akaandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga. Kituo kikafunguliwa nchi jirani.

Tusilaumu watu, tulaumu mpangilio. Mwaka 2025 tumeunganisha Kituo cha Uwekezaji na mamlaka ya maeneo ya mauzo ya nje, sasa tuna TISEZA, mlango mmoja. Ni hatua nzuri na naiunga mkono. Lakini mlango mmoja wenye foleni moja ndefu haujatufikisha. Kipimo ni kilekile cha yule mama: kuna jina la mtu na namba ya simu, na mtu huyo ana uwezo wa kuamua?

Msiniambie mifano yote ni ya mbali. Rwanda ni hapo tu. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline kutoka California ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga. Kwao Marekani kanuni za anga za wakati ule zisingeiruhusu kufanya kazi hiyo kwa kiwango kile. Rwanda haikuwa na soko kubwa. Ilikuwa na hospitali za milimani ambazo damu inachelewa kuzifikia, ilikuwa tayari kuwa mteja wa kwanza, na mamlaka yake ya anga ilikubali kukaa na wahandisi kanuni zikaandikwa. Nchi ndogo ikiwa mteja wa kwanza wa kitu kigumu, inajifunza pamoja na kampuni. Na maafisa waliojifunza kusimamia anga la namna hiyo hawapandi ndege na kampuni.

Umeme na intaneti sitavimaliza, muda unakimbia. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yote tisa imeshawashwa. Mgao wa 2023 bado tunaukumbuka, kwa hiyo hili ni jambo kubwa. Lakini kituo cha data hakinunui megawati za bwawani. Kinanunua umeme unaofika Mikocheni saa nane za usiku bila kutetereka. Bado nyaya, bado transfoma, bado vituo vya kupoza umeme.

Intaneti ni hivyo hivyo. Nyaya za baharini zinatua hapa Dar; SEACOM ilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu kwa pamoja, na mtandao ukayumba vibaya nchini. Mliona mabenki yalivyohaha. Kampuni kubwa inajua jinsi ya kuishi na ajali ya namna hiyo: inadai njia ya tatu, inadai njia ya nne, inakokotoa gharama.

Ipo aina nyingine ya kuzimika, na nitaisema kwa adabu kwa sababu kukaa kimya kungekuwa kuwadanganya. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilifungwa nchini kwa siku kadhaa. Siingii kwenye siasa, sikualikwa kwa hilo. Nazungumza kama mtu anayekaa na wawekezaji. Waya uliokatika baharini wanauandika kwenye safu ya ajali. Waya uliozimwa na mkono wanauandika kwenye safu nyingine, na safu hiyo haina bima ya bei nafuu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Mgeni huyu kazi yake yote inapita kwenye waya ule. Kama hajui kesho utakuwa wazi au la, atatuuzia bidhaa zake kutoka mbali, atakusanya fedha zake, na seva zake ataziweka kwa mwingine.

Kwa hiyo, wadogo zangu, baadhi yenu mtakaa kwenye meza hizi baada ya miaka kumi, wengine upande wa serikali, wengine upande wa kampuni. Mkiwa upande wetu, msianze na "tuwapunguzie nini." Ulizeni kituo cha kupoza umeme kitakachojengwa kitamhudumia nani mwingine. Ulizeni mtaala wa mafunzo utakuwa mali ya chuo au mali ya kampuni. Ukiwa wa kampuni, ukataeni. Ulizeni mhandisi wa Kitanzania ataanza lini kubuni, siyo kurekebisha tu kilichobuniwa kwingine. Ulizeni kama masharti haya yanaweza kubandikwa ukutani kila mtu ayasome, kampuni ya kijana wa Sinza ikiwemo. Kama hayawezi kubandikwa, kuna kitu hapo. Wakiyakataa yote manne, angalau mtakuwa mmejua walichokifuata.

Na kwako mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu ni moja, nalo ni la bei ya chini. Kila mwaka tunasikia thamani ya miradi iliyosajiliwa, mabilioni ya dola. Tutangaziwe pia mafundi wangapi wamefunzwa na miradi ile, wahandisi wangapi wa hapa wameajiriwa kwa kazi ya uhandisi, na miradi mingapi iliyosajiliwa miaka mitano nyuma bado ipo. Takwimu hizo zikiwa mbaya mwaka wa kwanza, zitangazwe hivyo hivyo.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Napokea maswali, na ya kodi nitamtupia ndugu yetu wa Hazina aliyekaa mstari wa mbele, naona ameshatoa kalamu.